Mwaka Nilipokuwa Mdomo wa Mchungaji

Askofu amekufa, na wiki nzima nimekuwa nikizima redio. Kila nikiifungua namsikia kiongozi fulani akisema taifa limepoteza nguzo, baba wa kiroho, sauti ya wanyonge. Sauti ya wanyonge! Mara ya kwanza kulisikia hilo nilikuwa nakunywa chai, nikaitema kwenye sinki. Sisi tulioimba kwaya pamoja kule Kilimani ujanani tuna kikundi chetu cha simu, na humo ndimo walimoniandikia: “Mwende, wewe ndio ulikuwa karibu na yeye. Andika kitu fupi, kumbukumbu nzuri, tuweke kwa kijitabu cha mazishi.” Ni kweli nilikuwa karibu naye. Kwa mwaka mmoja nilisimama mkono wake wa kushoto kila Jumapili, yeye akihubiri kwa Kiingereza nami nikifasiri kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Akipiga ngumi hewani, nami napiga. Akishusha sauti, nami nashusha. Nilikuwa mdomo wake wa pili. Nimejaribu kukiandika hicho kitu kifupi, na kila nikianza naona kinyaa. Basi nitaandika kumbukumbu niliyo nayo, na wao waweke kijitabuni wanachotaka.

Mwaka huo nilikuwa nimetoka tu chuoni, nafanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja Upper Hill, na nilikuwa nimepanga chumba Spring Valley. Watu wakisikia Spring Valley hudhani nilikuwa na hela. Nilikaa nyuma ya nyumba kubwa ya tajiri mmoja ambaye hakuonekana nchini ila Krismasi, katika zile nyumba za wafanyakazi tunazoziita eskyu: vyumba viwili vinavyotazamana, katikati kamba ya nguo. Chumba kimoja kilikuwa changu. Cha pili alikaa Mama Nafula, mpishi wa nyumba kubwa, pamoja na Mzee Barasa, fundi wa mawe, wote watu wa Bungoma. Mama Nafula alikuwa mwanamke mpana, mcheshi, ambaye ungesikia kicheko chake tangu getini. Nilikula kwao karibu kila jioni kwa sababu alikataa katakata nijipikie. “Wewe Mkamba ukiachiwa jiko utakula muthokoi, hiyo mahindi yenu ya kukoboa, mpaka uanze kuota majani,” aliniambia, huku ananisukumia sahani ya ugali na mrenda, na Mzee Barasa anacheka kimyakimya na kuniongezea kipande cha samaki kutoka sahani yake. Mzee hakuwa msemaji. Angeweza kumaliza mlo mzima kwa maneno mawili, “karibu” na “asante.”

Lakini nikiukumbuka ua ule nakumbuka zaidi harufu ya Jumamosi ya kutangulia Meza ya Bwana. Mkate wa meza ulikuwa unaokwa na Mama Nafula. Akina mama wa kanisa walikuwa wamejaribu mkate wa dukani, ukawa unapukutika kwenye trei, wakamwomba yeye, naye akakubali kwa furaha. Alitumia oveni ya nyumba kubwa, akaufunika mkate kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, na asubuhi akaubeba mwenyewe mpaka Kilimani. Akishaukabidhi alikwenda kuketi kwenye benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, na trei ilipopitishwa haikumfikia. Alikuwa ametengwa. Kwa msomaji ambaye hakulelewa katika makanisa yetu, ni hivi: mshirika akionekana ana dhambi ya wazi, wazee wa kanisa humwondoa mezani. Hafukuzwi. Anaketi nyuma, anaimba, anatoa sadaka yake, ila mkate na kikombe vinampita mpaka siku atakaposimama mbele ya watu, atubu, arudishwe. Dhambi ya Mama Nafula ilikuwa Mzee Barasa. Mzee alikuwa na mke mwingine nyumbani, aliyeolewa kwanza, na kanisa lilishaamua kwamba mke wa pili si mke. Mama Nafula alikuwa amezaa na Mzee watoto wanne na kuwasomesha wote, lakini mbele ya wazee alikuwa mwanamke anayeishi na mume wa mtu. Siku moja nikamuuliza kama haimuumi kuoka mkate asioula. Alikuwa anakanda unga. “Inauma,” alisema. “Lakini angalau kazi ya mkono yangu inafika huko mbele.”

Sitasema Mchungaji alikuwa mbaya tangu mwanzo, maana sikumjua hivyo. Wakati huo hakuwa bado Askofu. Alivaa koti moja la kahawia, alihubiri kwa Kiswahili cha watu, alitembelea wagonjwa kwa miguu, na alipenda kusema kwamba kanisa halina viti vya mbele. Hata katika mambo ya kutenga alikuwa mkali kwa wote. Aliwahi kumtenga mfanyabiashara mkubwa, mtu aliyetununulia kinanda, kwa sababu alimzalisha msichana wa kazi akamkana, na mtu yule akaketi benchi la nyuma pamoja na Mama Nafula hadi akatubu. Tulimwogopa Mchungaji na tulimpenda. Kisha mwaka wa uchaguzi ukafika, na Mheshimiwa, mwanasiasa wa eneo letu, akaja “kusalimia kanisa.” Kila Mkenya anaijua salamu hiyo. Aliomba dakika mbili, akala saa nzima ya mahubiri, akaahidi kutujengea jengo la mawe mahali pa mabati yetu, akapigiwa makofi na vigelegele. Jumapili iliyofuata tulikuta makochi mekundu yamewekwa mbele, pale walipozoea kuketi watoto wa shule ya Jumapili, na watoto wamehamishiwa kwenye hema nje. Haukupita muda Mchungaji akawa na gari na dereva. Koti la kahawia likapotea. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wa kwetu tembo alilimwaga lote, akatuuzia maji matupu.

Kiingereza nacho kilikuja na makochi. Mheshimiwa alikuwa akija na wageni wake wakubwa, na Mchungaji akaona haya kuwahubiria kwa lugha ya wapishi na mafundi, ndipo nikaitwa mimi. Nilijivunia sana, sikatai. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nina blauzi nyeupe na kipaza sauti changu mwenyewe. Lakini mkalimani hupewa kitu kingine ambacho hakuna anayekutahadharisha nacho. Mchungaji akisema “mimi,” nawe unasema “mimi.” Akisema “nimeona katika maombi kwamba Mungu amemchagua mtu huyu,” wewe, ambaye hukuona chochote katika maombi ila usingizi, unasema umeona. Siku hizi wajukuu wa rafiki zangu hushangaa ninapobaki nimeketi mbunge anapoingia kanisani na kila mtu amesimama. Hudhani ni magoti.

Baada ya ibada wazee wa kanisa walikunywa chai katika chumba cha Mchungaji, chumba kidogo chenye kabati la vitabu vya nyimbo na meza iliyojaa mandazi, nami nilikuwa nangoja hapo pembeni nipewe vichwa vya mahubiri ya Jumapili inayofuata. Hapo ndipo nilipoyasikia. Meza ya Bwana ilikuwa imekaribia, na Mzee Musyoka, karani mstaafu wa serikali, alikohoa, akaweka kikombe chini.

“Mchungaji, watu wanaongea,” alisema. “Huyu Mheshimiwa ako na nyumba tatu. Moja huko kwao, moja Spring Valley, na yule msichana amemweka kwa apartment hapa hapa Kilimani. Kila mtu anajua. Na tunaambiwa siku ya Meza atakula.”

Mchungaji alichovya andazi kwenye chai. “Mheshimiwa si mshirika wa kawaida, Mzee. Huyo ni chombo. Huwezi kupima Daudi na kipimo ya mtu wa mtaani.”

“Sasa, yule mama wa mkate je? Yeye ni mume mmoja tu, na ametengwa.”

“Hiyo ni kesi ya nidhamu. Usichanganye mambo. Ama unataka hii kanisa ikae mabati mpaka Yesu arudi?”

Wazee wakacheka. Mzee Musyoka akaangalia kikombe chake kidogo, kisha naye akacheka, akachukua andazi lingine. Mwenye nguvu mpishe. Nimewasikia watu wakieleza kwa maneno marefu jinsi dola inavyoliteka kanisa, na wakati wote nawaza lile andazi. Hakuna aliyemshikia mtu bunduki katika chumba kile.

Wakati huo Mama Nafula alikuwa mgonjwa. Tumbo lilikuwa limeanza kumvimba, akawa analificha chini ya leso mpaka alipozimia jikoni, na madaktari wa hospitali kubwa kule Upper Hill wakampangia kupasuliwa, wiki ile ya baada ya Meza ya Bwana. Alipoambiwa hakulia. Alitaka kitu kimoja tu: kula Meza kabla ya kwenda. “Kufa si kitu,” aliniambia, tumeketi mlangoni kwake tukichambua kunde. “Kila mtu atakufa. Lakini niende huko kwa Baba na njaa, kama mtu alifukuzwa?” Akaniomba nimsindikize kwa Mchungaji, kwa kuwa aliamini mimi nina uzito pale. Tulikwenda siku ya kazi, niliomba ruhusa ofisini. Mchungaji alitupokea vizuri, akauliza habari ya ugonjwa, akatikisa kichwa kwa huruma.

“Mchungaji, mimi sitafuti kiti ya mbele,” Mama Nafula alisema. “Unipe tu kipande moja, hata huko nyuma, hata watu wakiwa wameenda. Halafu niende hospitali.”

“Mama, sheria unaijua. Toka kwa nyumba ya huyo mzee, usimame mbele ya kanisa, utubu.”

“Nitoke niende wapi saa hii? Ndiye ananipeleka hospitali. Ndiye ananiosha.”

“Neno ni Neno, mama. Mimi siwezi kupindua Neno la Mungu kwa sababu ya mtu mmoja. Hata angekuwa nani.”

Alisema hivyo. Hata angekuwa nani. Nilimtazama usoni nikitafuta aibu, hata chembe, na kitu kilichonichukiza kuliko vyote ni kwamba sikuiona. Aliamini anachosema. Ulimi ule ule uliosema chombo na Daudi ulikuwa umetulia kabisa kinywani mwake. Akatuombea kwa sauti tamu, akamwekea Mama Nafula mkono kichwani, na tulipokuwa tunatoka akamkumbusha asisahau mkate wa Jumapili. Nilitaka kumtukana. Mama Nafula akanibana mkono, akaitikia, “Nitaleta, Mchungaji.”

Na akaleta. Jumamosi Mzee Barasa ndiye aliyekanda unga kwa ile mikono yake ya mawe, mkewe ameketi kwenye kiti cha jikoni akimwelekeza na kumcheka: “Pole pole, Baba Nafula, hiyo si simiti!” Jumapili nikasimama kwenye kipaza sauti changu. Mahubiri yalikuwa ya Daudi. Mchungaji alieleza kwa Kiingereza kwamba Daudi alikuwa na wake wengi na bado Mungu alimpenda, kwamba Mungu hatazami chumba cha kulala cha mfalme bali kiti chake cha enzi, kwamba mtu mdogo anayehesabu dhambi za mpakwa mafuta anajitafutia laana. Nikafasiri. Alipofika kwenye habari ya Bathsheba aliipitia haraka, na Nathani, yule nabii aliyemwendea mfalme nyumbani kwake na kumwambia ukweli machoni, alimruka kama mtu anavyoruka kidimbwi cha maji machafu. Miaka miwili kabla, katika darasa la ubatizo, Mchungaji huyo huyo alitufundisha habari ya Nathani kwa jioni nzima, hadi tukatokwa na machozi. Nilingoja alitaje jina lake ili nilifasiri. Halikuja. Kochi jekundu lilisema amina.

Kisha trei zikapita. Mheshimiwa alikuwa wa kwanza. Alichukua kipande kwa mkono wa kulia, wa kushoto una simu sikioni, akakitia mdomoni na kuendelea kuongea taratibu huku anatafuna. Mke wa Spring Valley alikuwa kando yake, amevaa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa, kama kile Mama Nafula alichonyang'anywa alipotengwa. Kutoka mimbarini nilikuwa naona kanisa lote hadi mlangoni, na niliiona trei ikishuka benchi kwa benchi mkononi mwa Mzee Musyoka. Ilipofika benchi la mwisho Mama Nafula alinyoosha mkono. Alinyoosha tu, kiganja juu. Mzee Musyoka akaiinua trei juu ya kichwa chake, jinsi mtu mzima anavyomnyima mtoto kitu, akapita. Mkono ule ulibaki hewani kitambo. Halafu akaurudisha, akaufuta kwenye leso, kana kwamba ulikuwa na unga.

Alipasuliwa, na hakuinuka tena. Nilikwenda kumwona kila jioni nikitoka kazini, ofisi ilikuwa karibu, nikimkuta Mzee Barasa ameshika kopo la uji ambalo halijaguswa. Aliuliza swali moja tu siku zote hizo: “Mchungaji amekuja?” Mchungaji alikuja kweli. Alikuja na Mheshimiwa kwenye wodi ya jirani kugawa sabuni na mablanketi, kamera zikiwafuata, akaomba kwa sauti iliyotufikia kupitia ukuta, wakaondoka. Mama Nafula aliisikia sauti, akajaribu kujiinua, akatengeneza leso kichwani. Tukangoja. Sijui kama niliwahi kumchukia mtu kabla ya jioni ile, lakini tangu hapo najua chuki ilivyo, na sikuwahi kuiombea msamaha.

Desturi yetu ilikuwa kwamba mtu akifa akiwa ametengwa haingizwi kanisani. Huombewa nyumbani, na mzee mmoja wa kanisa, kisha anapelekwa kuzikwa. Mzee Barasa alijua hivyo na hakuomba zaidi. Lakini watu wa magharibi ya nchi, kwao Mama Nafula, walikuwa wengi mitaa ile, wapishi, walinzi, mafundi, kila mmoja na kura yake, na Mama Nafula alijulikana na wote. Mheshimiwa akasikia habari ya matanga, akatoa basi la kupeleka waombolezaji Bungoma, na jioni hiyo hiyo Mchungaji akatuma ujumbe kwamba ibada itafanyika kanisani, mbele, kwa heshima zote. Sheria iliyokataa kupinda kwa kipande cha mkate ilipinda kwa basi. Niliombwa kufasiri. Nilikubali kwa ajili ya Mzee Barasa, kwa sababu Kiingereza hakukijua hata kidogo, na alitaka asikie kila neno litakalosemwa juu ya mkewe.

Jeneza liliwekwa mbele ya makochi mekundu. Mheshimiwa aliongea kwanza, akawataja watu wa Bungoma mara nyingi kuliko alivyomtaja marehemu, ambaye jina lake alilisoma kwenye kiganja. Kisha Mchungaji akasimama, mimi kushotoni kwake. Alisema dada yetu alikuwa mcha Mungu, nikafasiri. Alisema dada yetu alikuwa mikono ya kanisa hili, nikafasiri, na hilo lilikuwa kweli. Kisha akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ile tamu, kwamba dada yetu alikuwa mshirika kamili, aliyekula Meza ya Bwana pamoja nasi hadi mwisho, na kwamba Mheshimiwa mwenyewe ni shahidi, maana Jumapili ile walikula mkate mmoja.

Nilinyamaza. Mchungaji alidhani sikusikia, akarudia sentensi yote. Nikanyamaza tena. Watu wakaanza kunong'onezana. “Mwende, endelea,” akaniambia kwa chini, akitabasamu ili wengine wasione.

Mzee Barasa alikuwa benchi la kwanza, kofia magotini. “Anasema nini, Mwende?”

“Anasema Mama Nafula alikuwa anakula Meza ya Bwana pamoja nao, Mzee. Mpaka mwisho.”

Mzee alisimama. Ilimchukua muda, alikuwa hajalala siku nyingi. Hakupaza sauti na hakumnyooshea mtu kidole. “Muulize ni lini,” alisema.

Kanisa lote lilimsikia, na Mchungaji alimsikia, Kiswahili alikuwa anakijua kuliko mimi. Hata hivyo nilifanya kazi yangu. Niligeuka, nikamwelekea, nikauliza kwa Kiingereza, swali likapita kwenye spika zote hadi kwenye hema la watoto nje: Mzee Barasa anauliza, ni lini?

Mchungaji alifungua mdomo. Hakumtazama Mzee Barasa, wala mimi, wala jeneza. Aligeuza shingo akalitazama kochi jekundu, akangoja Mheshimiwa amwambie la kujibu.